Idadi Kubwa ya Mbwa

Kuna jedwali moja ambalo watafiti wa Kenya wanaoandika kuhusu mahindi yenye sumu hulirudia kila mara. Soma makala tatu au nne zao na utalikuta, maneno yakiwa karibu yale yale. Mstari wa kwanza ni wa 1960, Bonde la Ufa: vifaranga wa bata 16,000 walikufa kwa kulishwa karanga zilizoharibika. Wa pili ni wa 1977, Nairobi, Mombasa na Eldoret: mbwa na kuku walikufa kwa idadi kubwa, sababu ni uhifadhi mbaya wa chakula. Wa tatu ni wa 1981, Machakos: watu 12 walikufa.

Bata 16,000. Watu 12. Mbwa, idadi kubwa.

Mimi si mwanahistoria, chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini hata mtu aliyeacha chuo anaona kitu hapo. Bata walihesabiwa kwa sababu walikuwa na bei. Watu walihesabiwa kwa sababu walifikishwa hospitalini na kila mmoja alikuwa na faili. Mbwa wa 1977 walikufa katika miji mitatu mikubwa ya nchi, wengine huenda kwenye nyumba zenye geti na askari, na bado hakuna aliyewahesabu hata wakafika kwenye jedwali kama namba.

Sisi wa mjini tukisikia “chakula kinachoua mbwa” tunawaza chokoleti. Tunajua pia vitunguu, na siku hizi tunajua zabibu, kwa sababu mtu alishea posti. Hayo ni kweli, na historia yake ni fupi kuliko unavyodhani: madaktari wa mifugo wa Marekani walianza kuandika kwamba zabibu zinaharibu figo za mbwa mwaka 2001 tu. Kabla ya hapo watu waliwapa mbwa zabibu kama zawadi. Lakini mbwa wa Kenya, yule anayelala nje ya boma au nyuma ya kibanda cha chipsi, ataiona wapi chokoleti? Chakula chake ni ugali, na sumu yake mara nyingi imo ndani ya huo ugali.

Sumu yenyewe inaitwa aflatoksini. Watanzania wana neno zuri zaidi, sumukuvu, ingawa hilo linabeba sumu zote za kuvu kwa pamoja. Hii ya kwetu hutengenezwa na kuvu wa rangi ya kijani na njano aitwaye Aspergillus flavus, anayependa joto na unyevu na mahindi yaliyovunwa kabla hayajakauka. Jina limekatwa humo humo: A ya Aspergillus, fla ya flavus, halafu toksini. Lilibuniwa baada ya msimu wa kiangazi wa 1960 huko Uingereza, ambako batamzinga wapatao 100,000 walikufa katika miezi michache bila mtu kujua kwa nini. Wataalamu waliuita ugonjwa wa X. Walitafuta kirusi wasikipate, kisha wakafuata chakula hadi kwenye unga wa karanga uliotoka Brazili. Mwaka ule ule, huku Bonde la Ufa, wale vifaranga wetu walikuwa wanaanguka.

Lakini batamzinga hawakuwa wa kwanza. Karibu miaka kumi kabla yao, kusini mashariki mwa Marekani, mbwa walikuwa wanakufa wakiwa na macho ya manjano na maini yaliyoharibika. Madaktari wa mifugo wa Alabama waliuandika ugonjwa huo mwaka 1952 na kuuita homa ya ini ya X. Angalia hiyo X inavyorudi, ni alama ya wataalamu waliokwama. Ilibidi batamzinga wafe kwanza, sumu ipewe jina, halafu katika miaka ya 1960 watu warudi nyuma kwenye mafaili ya mbwa na kusema: kumbe ndiyo ile ile. Mbwa walikuwa wametoa taarifa mapema, ila taarifa ilikuwa haina msomaji.

Ikaja India, 1974. Mvua ilinyesha wakati usio wake huko Rajasthan na Gujarat, mahindi yakalowa, na katika vijiji zaidi ya 150 watu wakaanza kuugua ini. Watu 397 waliandikwa kuwa wagonjwa, 106 kati yao wakafa. Jambo lililowasaidia madaktari kuona kwamba haikuwa homa ya ini ya kawaida, ile ya kuambukizana, ni kwamba mbwa wa nyumba zile zile walikuwa wanavimba tumbo na kuwa manjano pia. Virusi vya homa ya ini ya watu havina haja na mbwa. Kilichokuwa kinaunganisha mbwa na mwenye mbwa ni sufuria.

Kwetu, 1981. Kati ya Machi na Juni wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos ya wakati ule, na 12 hawakutoka. Maelezo yaliyobaki ya mwaka huo yana mpangilio ambao ukishausoma hausahau: kwanza walikufa njiwa wa eneo lile, wakafuata mbwa, halafu watu. Mahindi ya nyumba moja yalipopimwa yalikuwa na miligramu 12 za aflatoksini katika kila kilo. Leo sheria ya Kenya inaruhusu mikrogramu 10 kwa kilo. Yaani mahindi yale yalikuwa na sumu mara 1,200 ya kipimo cha leo.

Nifanye hesabu kidogo, nivumilie. Mbwa wa kilo 10, saizi ya mbwa wetu wa kawaida, akila nusu kilo ya mahindi hayo anameza miligramu 6. Hiyo ni miligramu 0.6 kwa kila kilo ya mwili wake. Kiasi kinachoweza kuua nusu ya mbwa wanaokila ni kati ya miligramu 0.5 na 1.5 kwa kilo. Kwa hiyo sahani ya siku moja ilitosha kumfikisha mlangoni. Mtu mzima wa kilo 60 angehitaji chakula kingi zaidi na siku nyingi zaidi, na pengine angekuwa amekula kitu kingine katikati. Ini la mbwa pia ni dhaifu mbele ya sumu hii kuliko la wanyama wengi. Hiyo ndiyo sababu ya kibaiolojia ya mbwa kutangulia.

Sababu ya pili si ya kibaiolojia, na ndiyo inayonikera. Mbwa hutangulia kwa sababu sisi ndio tunampa yale mabovu. Mama anachambua mahindi, mazuri upande huu, meusi na yaliyoota ukungu upande ule. Upande huu ni wetu. Upande ule hautupwi, maana chakula hakitupwi, unapikiwa mbwa au kumwagiwa kuku. Kwa hiyo yule mbwa “aliyetangulia” tulikuwa tumemtanguliza sisi.

Sasa twende Korbesa, ndiko ukoo wa mamangu uliko. Kama hupajui, ni upande wa Merti, kaunti ya Isiolo, karibu na mto Ewaso Nyiro. Kwa Kiborana korbesa ni beberu, dume la mbuzi. Jina la mahali penyewe linakuambia watu wa pale walijihesabu kwa nini. Mahindi hayamo katika jina hilo, na hayakuwamo katika maisha yao kwa kiasi hiki. Wazee wa Waso walikua kwa maziwa, nyama na samli, nafaka ikija kidogo kwa kubadilishana na mifugo.

Kilichogeuza mambo kina jina: Gaf Daaba, wakati wa kusimama, wakati kila kitu kilipokwama. Ni miaka ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na ile iliyofuata. Serikali iliwakusanya Waborana wa Isiolo katika vijiji vyenye ulinzi, Merti na Garba Tulla vikiwamo. Mifugo ikifungiwa sehemu moja bila malisho inakufa, na mingine ilipigwa risasi. Ngamia ndio walioumizwa zaidi, kwa kuwa walionekana kuwa usafiri wa wapiganaji. Watu waliingia vijijini wakiwa matajiri wa mifugo, wakatoka wakiwa na kadi ya msaada. Baada ya hapo ikaja miradi ya kumwagilia mashamba kando ya mto, ukaja ukame, ikaja malori ya chakula. Na chakula cha malori ni mahindi.

Kuhusu watu hayo yameandikwa. Kuhusu mbwa sijakuta mtu aliyeandika, na kwangu ni historia hiyo hiyo ikitazamwa kutoka chini ya meza. Saree, mbwa wa Kiborana, ni mlinzi wa mifugo. Haingii ndani. Watu ni Waislamu, mate yake ni najisi, ana chombo chake na mahali pake, lakini usiku fisi akija kila mtu anajua thamani yake. Alikuwa anakula kile boma lilichobakiza: mifupa, matumbo, maziwa yaliyomwagika. Mifugo ilipoisha mabaki nayo yakaisha, na yeye akahamia kwenye ugali na uji pamoja na wenyewe. Mahindi ya Isiolo husafiri, hulala ghalani, hupanda lori, hunyeshewa njiani, hulala tena dukani. Kila kituo ni nafasi kwa kuvu. Na jirani zetu wa milima ya Meru, ambako mengi yanatoka au kupitia, walishazika watu kwa sumu hii mwaka 2001.

Novemba 2023, baada ya misimu mitano ya mvua iliyokosekana, mvua ikaja yote kwa mara moja. Ni ile ya El Nino. Mto ulipanda, barabara ikakatika, na gunia la akko, nyanya yangu, likalowa kwa chini. Alilianika siku jua lilipotoka, siku zisizotoka akalirudisha ndani kwa kuogopa wezi na mbuzi. Halafu akachambua. Yale ya chini, ya kijani kijani, akampikia mbwa. Kwa siku kadhaa mbwa alikula vizuri tu. Kisha akaacha. Akawa analala, anatapika, anakunywa maji mengi, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Binamu yangu alipomfunua mdomo, fizi zilikuwa manjano.

Jirani akaja na dawa ambayo kila mtu Kenya anaijua, maziwa. Mnywesheni kwa nguvu, yanafuta sumu. Mwingine akasema maji ya chumvi atapike. Binamu akampigia simu daktari wa mifugo, na nilichosikia kwenye spika ya ile simu ndicho nilichokuja kukuta baadaye kwenye vitabu. Msimmiminie kitu mdomoni. Mbwa aliyelegea hamezi sawasawa, maziwa au mafuta yanaingia kwenye mapafu na mnamuua kwa njia nyingine. Chumvi nyingi ni sumu yenyewe. Kutapisha kunasaidia pale mbwa amekula kitu sasa hivi, ndani ya saa moja au mbili, akiwa macho kabisa, na anayeamua ni daktari. Makaa yanayotumika kunasa sumu tumboni ni ya dawa, si ya jiko. Na kwa sumu iliyoliwa kidogo kidogo kwa siku nyingi, tumbo si tatizo tena, sumu imeshafika kwenye ini.

Basi tufanye nini? Toeni hayo mahindi mbele yake, na mbele ya kuku na mbuzi pia. Mwekeeni maji safi. Wekeni mahindi kidogo kwenye mfuko wa karatasi, pakavu, msitumie plastiki, yaweze kupimwa. Andikeni alianza kula lini. Mleteni, kama mnaweza. Aflatoksini haina dawa ya kuifuta. Kinachofanyika kliniki ni kumwongezea maji kwa mshipa, vitamini K ili damu igande, dawa za kusaidia ini, na kusubiri. Mbwa anayefikishwa mapema, kabla ya macho kugeuka, ana nafasi nzuri zaidi. Anayefikishwa akiwa manjano hupona wachache.

Tungemleta na nini? Barabara ilikuwa maji. Nauli ya boda boda hadi Merti, kama angepatikana wa kumpakia mbwa mgonjwa, ilikuwa zaidi ya bei ya gorogoro kadhaa za mahindi. Mbwa alikufa siku ya tatu, nyuma ya boma, mahali alipokuwa analala kulinda.

Halafu swali likabaki limekaa katikati ya nyumba, na hakuna aliyetaka kulitamka kwanza. Gunia.

Hakuna aliyepima, kwa hiyo siwezi kukuandikia kwamba ni aflatoksini, ingawa dalili zote zinaelekeza huko. Lakini kilichokuwa juu ya gunia kilikuwa kimegusana na kilichokuwa chini. Kuchambua kunapunguza, hakumalizi, kwa kuwa punje inaweza kubeba sumu bila kuonyesha rangi yoyote. Kupika hakusaidii, maana sumu hii inavumilia moto wa sufuria. Wakamba wana muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda, na vipimo vimeonyesha kwamba kukoboa kunaondoa sehemu ya sumu kwa sababu nyingi hukaa kwa nje. Sehemu tu. Hata maziwa ya jirani hayako salama kabisa, kwani ng’ombe akila chakula chenye ukungu hutoa sumu hiyo ndani ya maziwa ikiwa imebadilika umbo.

Ndiyo maana ile 2004 ilikuwa mbaya hivyo. Januari hadi Juni, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa, mojawapo ya milipuko mikubwa zaidi kuwahi kuandikwa duniani. Watu walikuwa wamevuna mahindi mabichi wakati wa mvua isiyo ya msimu na kuyaweka ndani ya nyumba wanamolala, kwa sababu ya njaa na ya wezi. Wachunguzi waliochukua sampuli sokoni walikuta zaidi ya nusu ziko juu ya kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, mikrogramu 20. Kwa hiyo hata aliyetupa yake na kwenda kununua alikuwa anacheza bahati nasibu. Serikali ilitangaza watu watoe mahindi mabovu na ikagawa mengine badala yake, na hilo ndilo jambo la maana lililofanyika. Kumwambia mtu atupe chakula bila kumpa kingine ni kumchagulia namna ya kufa.

Tangu hapo tumekuwa na matukio ya kwenye TV. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa siku moja, watu Nairobi wakaanza kuangalia pakiti jikoni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ikalegeza baada ya siku chache kelele zilipozidi. Tanzania yenyewe ilikuwa imepoteza watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016. Yote hayo yanahusu unga ulio kwenye pakiti na mahindi yanayovuka mpaka, vitu vyenye mhuri. Mahindi ya akko hayana mhuri.

Marekani, kwa upande mwingine, mbwa wanahesabiwa. Mwishoni mwa 2005 chakula cha mbwa kilichotengenezwa kiwandani South Carolina kiliua zaidi ya mbwa 100 kwa aflatoksini ya mahindi. Mwanzoni mwa 2021 ikarudi, kampuni nyingine, na mamlaka ya chakula na dawa ikatoa taarifa kwamba ilikuwa na habari za wanyama zaidi ya 110 waliokufa na zaidi ya 210 waliougua. Sikatai, nilisoma zile taarifa kwa wivu. Daktari wa mifugo anaona ini moja, anapiga simu, mwenzake wa jimbo lingine anasema na mimi pia, pakiti inafuatwa hadi kiwandani na kuondolewa dukani. Walitaka kuokoa mbwa. Lakini fikiria njia hiyo hiyo ikiwapo Machakos mwezi Februari 1981, wakati njiwa wanaanguka na mbwa wanaanza kuwa manjano, na hakuna mtu bado aliyelazwa.

Jedwali lenyewe lina mstari mwingine wa mbwa, wa 2002, Pwani: kuku na mbwa walikufa, idadi kubwa. Miaka 25 baada ya 1977 na maneno ni yale yale. Miaka miwili baadaye ikawa Makueni.

Akko aliamua mwenyewe. Alituita, akasema mbwa amekwisha kusema na yeye hana masikio ya kumsikia mara mbili. Sehemu ya chini ya gunia na ya katikati ilichimbiwa shimo, ikafukiwa na majivu juu ili kuku wasifukue. Ya juu kabisa, debe moja na kidogo, ilianikwa upya juani siku nne, ikachambuliwa punje kwa punje, ikakobolewa, ikaliwa. Watoto wadogo hawakupewa, walikula mchele uliokopwa dukani. Mfuko wa karatasi wenye mahindi ya kupima ulikaa juu ya kabati hadi barabara ilipofunguka mwaka mpya, na mpaka wakati huo panya walikuwa wameshautoboa.